Karatasi ya Magunia Sita

Niseme mwenyewe kabla hajatokea mtu wa kunisemea: mimi Victorine nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na mbili, na sioni aibu. Aibu waione wale waliojifunza wakiwa na miaka sita, na mpaka leo wanasoma mstari wa kwanza, wanakunja karatasi, wanasema wameelewa. Nawajua wengi wa namna hiyo. Mmoja wao ni André, dereva wa lori linaloniletea samaki kutoka Pweto.

Kazi yangu ni kuuza samaki wakavu sokoni, hapa Lubumbashi. Mdogo wangu Numbi anaishi kando ya ziwa Mweru, nje kidogo ya Pweto, na mama yetu, Mama Chilufya, alikaa kwake. Baba alifanya kazi ya reli huku mjini mpaka akastaafu, wakarudi kule wote wawili, naye akazikwa kule. Numbi ananunua chisense, wale samaki wadogo kuliko kidole, na mapale, wale wapana wenye nyama. Anawakausha, anajaza magunia, André anayapakia. Ndani ya gunia la kwanza, chini ya kamba tu, Numbi huweka karatasi. Simu anayo, lakini kwao mtandao unapatikana juu ya kilima, tena kwa kubahatisha, kwa hiyo simu tuliiachia bei ya gunia. Mambo ya nyumbani yalikuja kwa karatasi.

Miaka kumi na mmoja karatasi hizo alinisomea André, amesimama, mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, injini inanguruma, akiniita yaya, dada mkubwa, kama Numbi anavyoniita.

“Yaya, bote beko muzuri. Magunia ni sita. Mama anakusalimia.”

Kila mara hivyo, isipokuwa siku aliponitangazia kifo cha Baba. Karatasi imejaa maandishi juu mpaka chini, yeye anatoa maneno tisa. Nami nilishukuru, tena nilimpa samaki wa kupeleka kwa mke wake. Karatasi zenyewe nilizitunza katika kopo la maziwa ya unga, kwa sababu mkono wa ndugu yangu ulizigusa, na nilijua kwamba maneno tisa hayawezi kujaza ukurasa.

Kisha parokia yetu ikafungua darasa la watu wazima, Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri. Mwalimu alikuwa Deborah, binti wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa hapa mjini, mkali kama mwenye nyumba ya kupanga. Nilimpenda kwa ukali huo. Mwaka wa kwanza tulipigana na herufi. Mwaka wa pili, mwezi wa nane, nilirudi nyumbani siku moja, nikamwaga kopo lile lote kitandani, nikaanza kusoma.

Mara tatu, katika miaka mitatu tofauti, Numbi aliandika kwamba Mama anaomba kitambaa cheupe cha kichwa, cha kuendea misa. Mara tatu. Mimi nilikuwa nampelekea sabuni, sukari na chumvi, najiona mtoto mwema. Nililia siku ile, na lilikuwa chozi la hasira. Kesho yake nilimwambia André maneno ambayo sitayaweka hapa. Kitambaa nilikinunua siku hiyohiyo, lakini sikumpa akipeleke. Nilitaka kumfunga Mama kwa mikono yangu, Noeli ikifika. Nilichompa André ni karatasi yangu ya kwanza, herufi zimelala huku na huku: “Mama, sasa ninasoma mwenyewe.”

Mwezi wa kumi na moja Deborah akatufikisha kwenye aya. Alisema kila aya ina jambo moja inalotaka kusema, hilo ndilo wazo kuu. Yanayobaki ni maelezo yanayolishika lisianguke. Akachora meza ubaoni.

“Muangalie meza ya ku soko. Pa juu njo idée principale. Miguu njo ma-détails. Kama muguu haishike ile meza, basi haiko muguu ya ile meza.”

Hilo liliniingia mara moja. Mtu aliyekaa nyuma ya meza ya samaki miaka ishirini hahitaji kuelezwa mara mbili mambo ya miguu. Akatupa kazi: kila mmoja alete aya kutoka maisha yake, wazo kuu alipigie mstari, maelezo ayape namba. Nono, jirani yangu sokoni anayeuza maharagwe, alileta maandishi aliyobandua kwenye dumu la mafuta. Mwingine alileta tangazo la misa. Mimi nilileta karatasi ya Numbi, iliyofika Jumatatu ile na magunia. Nilijivuna nayo. Wengine walileta maneno ya dukani, mimi nina aya ya ndugu yangu. Ilikuwa hivi:

“Yaya Victorine, jambo. Huku kwetu shiye bote tuko muzuri. Mvua ilianza. Mama alipatia jirani kuku zake mbili zenye kutaga. Alisema tupake chokaa ku ukuta ya mbele, tukapaka. Nguo yake ya bamama ba parokia tuliifula, tukaipiga pasi, iko juu-juu mu sanduku. Bukari anakula kidogo sawa ya mutoto. Kila asubuhi anauliza leo ni tarehe ngapi. Magunia ni sita, ine ya chisense na mbili ya mapale. Mama anakusalimia sana.”

Nilikuwa nimeisoma nyumbani mara nne, toka salamu mpaka bukari, yaani ugali wetu, mpaka magunia. Maelezo niliyapa namba vizuri. Lakini wazo kuu nililitafuta nikalikosa. Sikupiga mstari popote. Chini niliandika: “Wazo kuu halionekani.”

Alhamisi Deborah akanirudishia daftari. Tatu juu ya kumi. Na kwa kalamu yake nyekundu alikuwa amepiga mstari chini ya “shiye bote tuko muzuri”, pale Numbi anaposema sisi sote ni wazima.

Tatu. Mimi ambaye nilikuwa sijashuka chini ya saba tangu herufi ya kwanza. Nilisimama.

“Madame, ile haiko idée principale.”

“Maman Victorine, iko. Iko ku mwanzo, inasema habari ya bote. Wazo kuu mara mingi linakuya mbele.”

“Mara mingi, haiko kila mara. Numbi anaandika ile ku kila karatasi. Mwaka Baba alikufa, aliandika: shiye bote tuko muzuri, Baba tulimuzika jana.”

Darasa likacheka, hata mimi nikatabasamu kidogo, kwa kuwa ndivyo tulivyo. Kwetu mtu hata akija na msiba mfukoni, ukimuuliza habari atajibu nzuri, atakaa, ataomba maji, ndipo afungue kinywa. Deborah alikulia ghorofani, katikati ya mji, na kwao mambo husemwa mlangoni. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Lakini nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika hawezi kuketi na tatu yake.

“Weye njo ulitufundisha miguu,” nikamwambia. “Tupime miguu.”

Akanitazama, kisha akanipa chaki. Hilo nitamsifia mpaka nife, kwamba alinipa chaki. Nilikwenda ubaoni, nikaandika juu kabisa: “Tuko muzuri”. Chini yake nikaandika: “Kuku”.

“Mama alipatia jirani kuku mbili zenye kutaga,” nikasema. “Ile inashika meza?”

“Inashika,” akasema Nono. “Inaonyesha mama yako iko na roho muzuri.”

“Nono, weye haumujue Mama. Kuku yenye kutaga, Mama hakuipatia hata Padri. Padri alikula jogoo.”

Wakacheka tena. Nikaandika: “Chokaa”.

“Ukuta ya mbele. Na mvua imeanza. Nani anapaka chokaa mu mvua? Itatoka yote. Unapaka mu mvua kama kuko bageni benye kuya, na haiwezekane kungojea mvua ipite.”

Nilijisikia nikisema hivyo. Mkono ukaendelea kuandika: “Nguo”. Nguo ya akina mama wa parokia, kitenge cha sare, kimefuliwa na kupigwa pasi, kimewekwa juu kabisa ya sanduku, mahali ambapo mtu mwingine ataweza kukiona haraka. Mama hakuwa akienda misa tena tangu Pasaka, miguu ilimkataa. Sasa kila mmoja wetu darasani anajua mama wa parokia anavikwa sare hiyo siku gani, hata kama hawezi kwenda misa.

Nikaandika: “Bukari”. Herufi ya mwisho haikutoka vizuri. Darasani hakucheka mtu. Mama mmoja nyuma, mjane, akafanya ishara ya msalaba.

Niliiweka chaki. Kuku wanaotaga hupewa jirani ili wasichinjwe na watu wa kilio. Ukuta wa mbele ndio watu wa kilio wanaokaa mbele yake. Miguu yote ilikuwa mizima, imara, kila mmoja mahali pake, na ilikuwa ya meza nyingine.

“Maman,” Deborah akasema taratibu, “utuambie idée principale.”

“Mama anajitayarisha kufa,” nikasema.

Nitasema jinsi nilivyojisikia, maana sipendi watu wanaoficha. Niliogopa sana. Lakini chini ya woga ule kulikuwa na kitu kingine kimesimama wima, nacho kilikuwa fahari. Karatasi ile ilipita mikononi mwa André, ambaye amesoma mpaka sekondari. Ilipita kwa mwalimu mwenye diploma. Mimi ndiye niliyeisikia. Kama bado nilikuwa na nafasi ya kumkuta Mama akiwa hai, nilikuwa nayo kwa sababu ya alfabeti ya Jumanne na Alhamisi.

Deborah alichukua daftari langu, akaifuta ile tatu kwa mstari mmoja. Hakuweka alama nyingine.

“Lori inatoka lini?” akauliza.

“Kesho asubuhi.”

Nilijaribu simu ya Numbi mara saba kabla ya kufunga soko. Haikupatikana. Nono akasema meza yangu ataikalia yeye, na kwamba samaki hawatanuka zaidi ya wanavyonuka tayari. Nilichukua kopo langu la karatasi na kitambaa cheupe, asubuhi nikapanda lori.

Njia ni siku tatu mvua ikiwa na huruma. Haikuwa nayo, tukafika siku ya nne. Siku ya pili tulikwama kwenye tope tangu asubuhi hadi mchana, na André, aliyekuwa hajathubutu kuongea, akaniuliza kwa nini ninakwenda ghafla. Nilimpa karatasi. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine.

“Lakini yaya, miye niliisoma. Niliona tu magunia sita.”

“Soma tena, polepole. Uanzie ku kuku.”

Akasoma. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alipofika kwenye tarehe aliacha, akatazama tope mbele yetu, kisha akashuka na kuchukua koleo kutoka kwa vijana wake, akachimba mwenyewe.

Ukuta wa mbele ulikuwa mweupe, mvua imeupiga michirizi. Kuku wawili walikuwa wakiparua uwanjani kwa jirani. Numbi alitoka mlangoni, akaniona nashuka, akabaki amesimama na kisu cha samaki mkononi.

“Yaya, nani alikuambia?”

Nilimpita, nikaingia ndani. Mama alikuwa kitandani, kichwa wazi, amekuwa mdogo. Macho yake yalikuwa yaleyale. Alinitazama, na swali lake la kwanza halikuwa la safari wala la watoto wangu.

“Nani alikusomea?”

“Mama, nilisoma miye mwenyewe.”

Akageuza uso kumtafuta Numbi, aliyekuwa ameingia nyuma yangu.

“Nilikuambia,” akamwambia.

Kumbe walikuwa wamebishana wiki nzima. Numbi alitaka kupanda kilimani anipigie simu. Mama alikataa: nitaisikia katikati ya soko, mbele ya watu, nianguke juu ya samaki. Basi Numbi akataka kuandika waziwazi. Mama akakataa tena. Alisema ikisomwa na André itatangazwa kwa sauti juu ya injini, na hataki kufa kwake kutangazwe kama bei. Akamwambia aandike kuku, aandike chokaa, aandike nguo. Numbi alisema sitaelewa, na kwamba ile karatasi yangu ya kwanza labda niliandikiwa na mtu. Mama akamjibu kwamba herufi mbaya namna ile haziwezi kuwa za mtu wa kulipwa. Kisha akaanza kuuliza tarehe kila asubuhi, akihesabu siku za lori kwenda na siku za lori kurudi.

“Na kama singelielewa?” nikamuuliza.

“Basi ungelikuya Noeli,” akasema, “na ungelikuta ukuta ni nyeupe.”

Nikafungua mfuko, nikatoa kitambaa. Nilimfunga polepole, fundo nyuma, kama alivyozoea. Akakigusa kwa vidole, akasema kimechelewa lakini ni kizuri, na nikaona anataka kioo. Numbi akaleta kioo cha kunyolea. Mama alijitazama kwa muda ambao mtu mwenye haraka hawezi kuutoa.

Alikaa nasi siku tano. Kila asubuhi alitaka nimsomee kopo lile, tangu karatasi ya kwanza. Alijua yote yaliyomo, ni yeye aliyekuwa akimwambia Numbi nini cha kuandika. Alitaka tu kusikia yakitoka kinywani mwangu. Majirani walipoingia kumsalimia, aliwanyamazisha kwa kidole. “Musikie,” aliwaambia. “Mutoto yangu anasoma.” Nina miaka hamsini na minne na wajukuu watatu, na nilipanuka kifua kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipokosea neno alijua, akanitazama, nami nikarudia.

Alikufa siku ya tano, jua likiwa limeshapanda. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu.

Nililia nilivyolia. Kisha, tulipokwisha kumzika, nilikaa mbele ya ukuta ule, nikaandika karatasi ya kupeleka Lubumbashi, kwa Deborah na darasa. Nilimpa André bila kuikunja. Aliisoma yote palepale, amesimama chini, injini imezimwa. Akavua kofia, akaiweka karatasi katika mfuko wa shati upande wa moyo.

Niliporudi, wiki tatu baadaye, Deborah alikuwa ameinakili ubaoni. Mambo yake hayo. Wanafunzi wote walikuwa wameshaifanyia kazi, na yeye alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya sentensi ya tano, akiamini kwamba sasa amenielewa. Aya yenyewe ilikuwa hivi:

“Nilifika. Mama alikuwa kichwa wazi, nikamufunga kitambaa nyeupe. Nilimusomea karatasi zote za miaka kumi na moja. Alikula bukari mara mbili ku mukono yangu. Alikufa siku ya tano asubuhi, na nguo yake ilikuwa imepigwa pasi. Bantu ba kilio balikaa mbele ya ukuta nyeupe. Kuku zote mbili zinaendelea kutaga.”

Nilibaki mlangoni nikiusoma ule mstari mwekundu. Ulikuwa chini ya “Alikufa”. Watu waligeuka wakanipa pole, Nono akanikumbatia mbele ya wote, na nilipokea pole zote. Halafu nikaenda ubaoni.

“Madame, tupime miguu,” nikasema.

Deborah hakubisha. Alisoma aya tena, sentensi kwa sentensi, kitambaa, karatasi, bukari, kifo, ukuta, kuku. Aliufuta mstari wake kwa kiganja cha mkono. Kisha akanipa chaki nyekundu, nikapiga mstari wangu juu kabisa, chini ya neno moja. Nilifika.